Siasa ya tamthilia ya upelelezi ipimwe kwa matukio yake, si kwa hotuba za wahusika

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna watazamaji, na hata baadhi ya wahakiki, wanavyoamua kwamba msimu fulani wa tamthilia ya upelelezi ya televisheni una ujumbe wa kisiasa au hauna. Kila msimu mpya wa tamthilia mashuhuri unapoanza kurushwa, hukumu hutolewa mapema mno. Sehemu ya kwanza ikiisha tu, wapo wanaosema waandishi wameacha kusimulia kisa na kuanza kuhubiri, na wapo wanaowajibu kwamba hicho ni kiburudisho, asiyekipenda azime televisheni. Pande zote mbili zinakwepa kazi yenyewe. Suala la kama msimu una msimamo wa kisiasa linaweza kuchunguzwa na kujibiwa kwa ushahidi, ila ushahidi huo hauko mahali ambapo wengi wetu tumezoea kuutafuta.

Hakuna tamthilia ya uhalifu isiyogusa siasa kabisa. Kisa cha aina hii hakiwezi kusonga mbele bila kuamua ni kitendo gani kinahesabiwa kuwa uhalifu, ni nani ana haki ya kuvunja mlango wa mtu usiku wa manane, ni maiti ya nani inayostahili kuchunguzwa msimu mzima na ni ya nani inayotajwa mara moja na kusahauliwa. Kwa hiyo anayesema kwamba msimu fulani "una siasa" bado hajatuambia chochote. Waliosoma uhakiki wa fasihi shuleni watakumbuka kwamba maudhui ya kazi huchambuliwa kwa kutenganisha dhamira na msimamo, na utaratibu huo unatufaa sana hapa. Rushwa inaweza kuwa dhamira ya msimu mzima bila mwandishi kuwa na dawa yoyote anayoinadi. Msimamo huonekana pale kisa chenyewe kinapoegemea jibu moja na kuyaacha mengine. Propaganda ni hatua ya mbali zaidi, ambapo jibu limekwisha kupitishwa kabla ya kisa kuandikwa, na wahusika wanaletwa tu kulithibitisha. Malalamiko mengi ninayoyasoma huyachanganya mambo haya matatu, kiasi kwamba tamthilia inayoonyesha tu kuwa kuna watu maskini huitwa propaganda, na ile inayowafundisha watazamaji kushangilia mateso ya washukiwa huitwa burudani safi.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kukimbilia hotuba. Mhusika akisimama na kusema maneno makali juu ya polisi, wahamiaji, kampuni kubwa au serikali, mtazamaji huyanasa maneno hayo na kuyasambaza kana kwamba ndiyo kauli ya mwandishi. Lakini mhusika ni mtu ndani ya kisa. Ana maslahi yake, anaweza kuwa mwongo, anaweza kukosea, na mara nyingi mwandishi humpa maneno mazuri kwa makusudi ili tuone baadaye jinsi maneno hayo yasivyolingana na matendo yake. Cha kuuliza ni kisa kinamfanya nini mtu huyo baada ya kusema. Je, matukio yanamthibitisha au yanamuumbua? Je, kuna aliyelipa gharama kwa kumwamini?

Mfano bora ninaoujua ni msimu wa tatu wa "The Wire", tamthilia ya HBO iliyorushwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2008 na kufikisha sehemu 60. Muundaji wake, David Simon, alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la The Baltimore Sun, na mshirika wake mkuu, Ed Burns, alikuwa mpelelezi wa polisi katika jiji hilohilo la Baltimore kabla ya kuwa mwalimu. Simon hajawahi kuficha kwamba anapinga vita dhidi ya dawa za kulevya jinsi vinavyoendeshwa nchini Marekani. Mtu mvivu angeishia hapo na kutangaza kwamba kesi imekwisha: mwandishi ana msimamo, basi tamthilia ni kampeni. Tuutazame msimu wenyewe.

Katika msimu huo uliorushwa mwaka 2004, Meja Howard Colvin, kamanda wa wilaya ya magharibi ya jiji ambaye amebakiza muda mfupi kustaafu, anaamua bila ruhusa ya mtu yeyote kuwahamishia wauzaji wa dawa za kulevya katika mitaa michache yenye nyumba zilizohamwa. Huko hawatakamatwa, ila wakiuza kwingineko watakiona cha moto. Matokeo yanaonekana upesi. Uhalifu unapungua wilayani, wazee wanarudi kukaa kwenye baraza za nyumba zao, na polisi wanapata muda wa kushughulikia makosa yenye uzito. Msimu ungeishia hapo ningekubali kwamba tumeuziwa sera kwa sura ya kisa. Lakini waandishi wanatuingiza ndani ya mitaa hiyo wakati wa usiku. Hakuna maji, hakuna vyoo, hakuna matibabu. Watoto waliokuwa wakitumwa na wauzaji wamebaki hawana kazi na wanazurura humo humo. Shemasi mmoja, rafiki wa Colvin, anapelekwa kuona, naye hasifu hata kidogo. Anamwambia kamanda ukweli wa kile kilichoko mbele ya macho yao na kuanza kumdai huduma za afya. Mraibu mmoja kijana, ambaye tumemfuata tangu msimu wa kwanza, anafia katika nyumba mojawapo bila mtu kumjali. Mtu anapouawa kwa risasi ndani ya eneo hilo, ofisa mmoja wa polisi anaisogeza maiti nje ya mpaka ili mpango usivurugike, na mwenzake anayeona jambo hilo anachukizwa kiasi cha kupiga simu gazetini.

Kisha inakuja hotuba. Katika sehemu ya mwisho ya msimu, diwani Tommy Carcetti anazungumza mbele ya baraza la jiji kuhusu mitaa iliyotelekezwa na wajibu wa kuipigania, na anazungumza vizuri sana. Anayetafuta ujumbe kwa kusikiliza hotuba ataichukua hiyo na kuondoka ameridhika. Lakini sisi tuliotazama sehemu zilizotangulia tunajua kwamba Carcetti aliwahi kutembezwa na Colvin mitaani, akaona mafanikio na akaona uchafu, na kwamba sasa anautumia mkasa huohuo kama ngazi ya kugombea umeya. Colvin anashushwa cheo kabla ya kustaafu, na kazi aliyoahidiwa baada ya kustaafu inayeyuka. Nyumba zinabomolewa. Maneno matamu kuliko yote ya msimu yamewekwa kinywani mwa mtu ambaye hatuwezi kumwamini, na mwenye wazo zuri ametolewa nje akiwa na aibu. Msimu una msimamo, tena mzito: kwamba taasisi zinazohesabu takwimu zitamtafuna yeyote anayejaribu kutatua tatizo lenyewe. Hata hivyo msimamo huo umelipiwa kwa matukio, na gharama za suluhisho linalopendelewa na mwandishi zimeonyeshwa bila kupunguzwa hata chembe. Hivyo ndivyo ninavyotenganisha tamthilia ya kisiasa na propaganda, na sijapata kipimo kingine kinachonitosheleza zaidi.

Jambo la pili la kutazama ni lawama inaishia wapi. Tamthilia ya upelelezi ina nguvu ambayo aina nyingine za visa hazina, kwani mwishoni lazima mtu atajwe. Mtazamaji amevumilia sehemu sita, nane au kumi akisubiri jina hilo, na likitajwa, jibu la swali la "nani" hugeuka kuwa jibu la swali la "kwa nini". Muuaji akiwa ni mtu mmoja aliyepotoka akili, kisa kimetuambia kwamba jamii ni nzima na imeshambuliwa na mgonjwa. Muuaji akiwa ameagizwa, amelindwa au amezalishwa na kampuni, kanisa, idara ya polisi au familia yenye mamlaka, tumeambiwa jambo jingine kabisa. Majibu yote mawili yana siasa ndani yake. Tumelizoea la kwanza hata hatulioni, ndiyo maana la pili pekee hushtakiwa.

Nichukue misimu miwili ya tamthilia moja ambayo imegombaniwa mno. Msimu wa nne wa "True Detective", ulioandikwa na kuongozwa na Issa López na kurushwa kati ya Januari na Februari 2024, uliwakera watazamaji wengi waliosema umejaa ajenda. Kisa chake kiko katika mji wa kubuni wa Ennis, Alaska, wakati wa usiku mrefu wa majira ya baridi. Wapelelezi wakuu ni wanawake wawili, mgodi unachafua maji, watoto wanazaliwa wakiwa wafu, na mwanaharakati mzawa wa jamii ya Iñupiat, Annie Kowtok, aliuawa miaka kadhaa nyuma bila muuaji kupatikana. Waliokasirika walifurahi kuukumbuka msimu wa kwanza, wa mwaka 2014, wenye wanaume wawili wanaosafiri katika vinamasi vya Louisiana, wakisema kwamba ule ulikuwa kisa halisi kisicho na siasa.

Naomba waurudie huo msimu wa kwanza kwa utulivu. Watoto wanaopotea ni wa maskini wa vijijini. Shule walizosoma ziliendeshwa kwa mpango wa mhubiri Billy Lee Tuttle, ambaye ndugu yake Edwin Tuttle ni gavana wakati uchunguzi unapoanza mwaka 1995 na baadaye ni seneta. Faili zinapotea, mashahidi hawasikilizwi, na uchunguzi unapokaribia jina hilo kubwa unazimwa kutoka juu. Nyuma ya wapelelezi, karibu kila wanapopita, inaonekana mitambo ya kusafishia mafuta ikitoa moshi. Mwishoni anauawa mtu mmoja wa hali ya chini, na televisheni ndani ya kisa inatangaza kwamba tetesi za kumhusisha mtu huyo na ukoo wa seneta hazina msingi. Mpelelezi Rust Cohle analalamika hospitalini kwamba hawakuwapata wote. Huo ni msimu unaosema kwamba dini, siasa na polisi wa jimbo zima walishirikiana kuficha mauaji ya watoto wa maskini, na kwamba walifanikiwa. Sijui ni msimamo gani wa kisiasa ulio mkali kuliko huo. Haukuitwa hivyo kwa sababu falsafa ya huzuni ya Cohle ndani ya gari iliwavuta watu macho, na kwa sababu wahusika wakuu walifanana na wapelelezi waliozoeleka kwa miongo mingi.

Kusema haya hakunifanyi niutetee msimu wa nne kwa kila kitu. Nikiupima kwa kipimo kilekile nilichokitumia kwa "The Wire", naona mapungufu ya kweli. Lawama inasambazwa kwa makini kiasi: wanasayansi wa kituo cha utafiti ndio waliomuua Annie kwa mikono yao baada ya yeye kuharibu kazi yao, uchafuzi wa mgodi ulikuwa ukiwasaidia kuchimba barafu ya ardhini, na polisi mmoja alikubali kuihamisha maiti kwa kuahidiwa cheo. Hapo tunaonyeshwa jinsi uovu unavyogawanywa miongoni mwa watu ambao kila mmoja ana sababu yake, na ni kazi nzuri. Lakini hoja ya kwamba mji mzima unaishi kwa mgodi huo haipewi mhusika mwenye uzito wa kuisimamia. Anayeuwakilisha mgodi hana usiku hata mmoja wa shaka. Na mwishoni, wanawake wafanya usafi waliogundua siri wanawapeleka wanasayansi hao uchi kwenye barafu wafe, nao wapelelezi wanaamua kuliacha jambo hilo lizikwe. Kisa kinaridhia kisasi hicho, na sikuona mtu yeyote ndani yake akiuliza swali gumu juu ya watu kuhukumiwa kifo bila mahakama. Huo ndio msimamo ambao wakosoaji wangepaswa kuujadili. Badala yake, muda mwingi ulitumika kulalamikia jinsia ya wapelelezi, kana kwamba sura ya mhusika ni tamko la chama.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu watulie kidogo, kwa sababu siasa yenye nguvu kuliko zote ni ile isiyosemwa. "Law & Order", iliyoanza mwaka 1990 kupitia NBC, hufunguliwa kwa maneno yanayomwambia mtazamaji kwamba katika mfumo wa haki wananchi wanawakilishwa na makundi mawili, polisi wanaochunguza na waendesha mashtaka wanaoshtaki. Wakili wa utetezi hayumo katika maneno hayo, na katika visa vyenyewe mara nyingi yeye ndiye kikwazo kinachochelewesha haki. Hakuna anayehutubia. Mpangilio tu wa saa moja, nusu ya kukamata na nusu ya kushtaki, umekwisha kuamua mtazamaji atakaa upande gani wa chumba cha mahakama. Tamthilia hiyo imekuwa na sehemu nyingi zenye mashaka ya kimaadili, na hilo nalikiri kwa moyo mmoja, lakini fremu yake haibadiliki.

"24" ya kituo cha Fox, iliyoanza Novemba 2001, ni mfano ulio wazi zaidi. Kila msimu ulikuwa siku moja iliyogawanywa katika saa 24, na saa ya kwenye kioo ilikuwa ikihesabu mbele ya macho yetu. Jack Bauer anapomtesa mshukiwa, bomu liko karibu kulipuka, mshukiwa anajua lilipo, na mateso yanamfanya aseme ukweli kwa dakika chache. Mambo hayo yote yamepangwa na mwandishi. Saa ile ndiyo iliyokuwa hoja, na hoja hiyo ilikuwa ikirudiwa wakati ambapo Marekani ilikuwa inabishana kweli kuhusu kuwatesa wafungwa. Mwaka 2006 Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo katika chuo cha kijeshi cha West Point, alisafiri kukutana na watengenezaji wa tamthilia hiyo kuwaeleza wasiwasi wake kwamba inawafundisha vijana wa jeshi kuamini kwamba mateso yanafaa. Mwanajeshi huyo aliielewa tamthilia kuliko wahakiki wengi. Hakutafuta sentensi ya kisiasa katika mswada; alitazama ni chombo gani kinachotatua kesi wiki baada ya wiki. Swali hilo nalipendekeza kwa kila mtazamaji. Kesi inatatuliwa na nini? Subira ya karatasi na mashahidi, kipaji cha mtu mmoja asiyefuata sheria, kipigo, kamera za barabarani, au raia aliyeamua kusema? Msimu unaotegemea kipigo mara kumi umechukua msimamo, hata kama wahusika wake wote hawajawahi kutaja uchaguzi.

Wapo watakaosema kwamba njia fupi ni kuangalia nani amelipa na nani ametoa kibali. Hilo ni la maana, na lisipuuzwe. "Dragnet", iliyoingia katika televisheni mwaka 1951 baada ya kuanzia redioni, iliundwa na Jack Webb kwa ushirikiano wa karibu na Idara ya Polisi ya Los Angeles, iliyompa visa na kuipitia miswada. Hatushangai kwamba polisi wake ni watulivu, waaminifu na karibu hawakosei. Nchini China, "Renmin de mingyi", yaani Kwa Jina la Wananchi, iliyorushwa mwaka 2017 na televisheni ya Hunan, ilitengenezwa kwa kushirikiana na kitengo cha filamu na televisheni cha ofisi kuu ya uendeshaji mashtaka ya nchi hiyo, wakati kampeni ya Xi Jinping dhidi ya rushwa ikiendelea. Hapo jibu lilijulikana mapema: chama kinajisafisha chenyewe, na waendesha mashtaka wake ndio mashujaa.

Hata hivyo mfadhili peke yake hatoshi kutoa hukumu. Mwanzoni mwa tamthilia hiyo ya China kuna ofisa anayekutwa nyumbani kwake akila tambi katika nyumba ya kawaida kabisa, mnyonge, baiskeli ndiyo usafiri wake. Wachunguzi wanampeleka katika nyumba nyingine ya kifahari, na humo noti zimejazwa kitandani, kwenye jokofu na ukutani hadi juu. Analia kwamba hakuthubutu kutumia hata yuan moja, kwa sababu ukoo wake ulikuwa wa wakulima na aliogopa umaskini. Mwigizaji anaibeba hofu hiyo kiasi kwamba mtazamaji anaingia ndani ya akili ya mla rushwa, jambo ambalo mabango ya kampeni hayajawahi kulifanya. Mwajiri alitaka onyo, na mwandishi akaongeza mtu. Vivyo hivyo "Polizeiruf 110", iliyoanzishwa mwaka 1971 katika Ujerumani Mashariki ili kushindana na "Tatort" ya Ujerumani Magharibi, ilikuwa chini ya macho ya dola iliyotaka kuonyesha polisi wake wakiwa imara, lakini iliwaonyesha raia ulevi, wizi kazini na vijana waliokata tamaa katika nchi ambayo magazeti yake hayakupenda kuyataja hayo. Mtu aliyeisoma orodha ya wafadhili tu na kuzima televisheni angeyakosa yote.

Kuna pia upande wa wenye mamlaka, ambao nao hupenda kuiita tamthilia siasa pale inapowauma. Nchini Italia, "La Piovra" ilirushwa na RAI kuanzia mwaka 1984 hadi 2001, ikimfuata kwanza kamishna Corrado Cattani, aliyeigizwa na Michele Placido, hadi mhusika huyo alipouawa kwa risasi katika msimu wa nne mwaka 1989. Ilionyesha jinsi mafia inavyofika benki, mahakamani na katika ofisi za wanasiasa. Mwaka 2009 Silvio Berlusconi, akiwa waziri mkuu, alisema kwamba angewanyonga watengenezaji wa tamthilia hiyo kwa kuichafua nchi. Ninaukumbusha mfano huu kwa sababu shutuma ya kwamba kisa kina ajenda hutolewa na raia aliyechoka kuhubiriwa, na vilevile hutolewa na mtu asiyetaka kutazamwa. Msomaji anapaswa kumuuliza mlalamikaji yeyote: ni tukio gani katika msimu ambalo ni la uongo?

Mlalamikaji aliyechoka kuhubiriwa ana haki yake, na ningekosa uadilifu kama ningempita. Mahubiri yapo, na yanaharibu tamthilia. Huonekana pale mhusika aliyekuwa na akili timamu kwa sehemu tano anapofanywa mjinga katika sehemu ya sita ili ashindwe katika mabishano. Huonekana pale wapelelezi wawili wanapoacha maiti sakafuni na kuanza kubadilishana maneno ambayo watu wa kazi hiyo wasingeyasema, maneno yaliyoandikwa yakatwe na kusambazwa. Kipimo changu ni rahisi: toa mazungumzo hayo, kisha uone kama kesi inaendelea vilevile. Ikiendelea bila pengo, mazungumzo yalikuwa ya mwandishi, si ya wahusika. Lakini hilo ni kosa la ufundi, na linaweza kutokea katika msimu wenye msimamo unaokubaliana nao au unaoupinga. Kulitumia kuhukumu msimamo wenyewe ni kuhamisha mada. Na mtu asiyeona mahubiri isipokuwa yale yanayompinga bado hajaanza kuhakiki.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba msimu uhukumiwe ukiwa mzima. Tamthilia za upelelezi zimejengwa juu ya kupotosha kwa makusudi. Mshukiwa wa sehemu ya pili mara nyingi huwekwa pale ili tumshuku kwa sababu ya kabila lake, umaskini wake au dini yake, kisha sehemu ya saba inatuonyesha kwamba tulishuku kwa ubaguzi wetu wenyewe. Anayeandika baada ya sehemu ya pili atasema tamthilia inawachafua watu wa jamii fulani. Anayeandika baada ya sehemu ya saba atasema inawatetea. Wote wawili watakuwa wamewahi, maana sehemu ya mwisho inaweza kuonyesha kwamba mshukiwa yule hakuwa na hatia katika mauaji lakini alinyamaza kwa jambo jingine baya. Waandishi wa aina hii hutulipa au kutunyima mwishoni, na hukumu ya kisiasa lazima ingoje malipo hayo.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi mahsusi kwa gazeti lako. Mhakiki anapoandika kwamba msimu una ujumbe wa kisiasa, atakiwe kutaja tukio analolitegemea, aeleze nani alilipa gharama ya tukio hilo ndani ya kisa, na aseme kama mpinzani wa msimamo huo alipewa hoja yake bora au alipewa hoja dhaifu. Uhakiki wa aina hiyo uchapishwe baada ya sehemu ya mwisho kurushwa. Maoni ya mwanzo wa msimu yabaki kuwa taarifa za uigizaji, picha na mwendo wa kisa. Na barua za sisi wasomaji zipimwe kwa utaratibu huohuo kabla ya kupewa nafasi, ikiwemo hii yangu. Niko tayari kusahihishwa na yeyote atakayeonyesha, kwa kutaja matukio, kwamba nimeusoma vibaya msimu wowote kati ya niliyoitaja.

Wako katika uhakiki wa haki,

Msomaji na mtazamaji wa tamthilia za upelelezi